Kukohoa Damu Pasipo Kifua Kikuu

Katika kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi, kilichopo kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga na zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma, mtu akikohoa damu hudhaniwa kwanza kuwa ana kifua kikuu, na dhana hiyo mara nyingi huwa sahihi, kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa zimelemewa zaidi na ugonjwa huo. Tatizo huanza pale makohozi yanapopimwa na kupimwa tena bila kuonekana vijidudu, mgonjwa akaanzishiwa dawa za miezi sita hata hivyo, akazimeza zote kwa uaminifu, na damu ikarudi. Wengi wa wagonjwa wa namna hiyo huwa na makovu ya kifua kikuu cha zamani, au kuvu iliyoota ndani ya tundu lililoachwa na ugonjwa huo, au vali ya moyo iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Hata hivyo, kati yao huwapo wachache ambao hawakuambukizwa chochote: walizaliwa na mishipa ya damu ya mapafu iliyoumbika vibaya, na hakuna kidonge cha kifua kikuu kitakachoiziba.

Ili kuelewa kasoro hiyo, ni lazima kwanza kufahamu kwamba pafu hupokea damu kwa njia mbili tofauti. Njia ya kwanza ni ateri ya mapafu, inayotoka upande wa kulia wa moyo ikibeba damu yote ya mwili iliyoishiwa oksijeni, ikagawanyika na kugawanyika tena mpaka ikawa kapilari, yaani vishipa vyembamba vinavyozunguka vifuko vya hewa, ambako damu huchukua oksijeni na kurudi upande wa kushoto wa moyo kupitia vena. Njia ya pili ni ateri za bronki, ambazo ni vijitawi vidogo vya aota, mshipa mkuu wa mwili. Kazi yake ni kulisha kuta za njia za hewa zenyewe, na hubeba kiasi cha asilimia 1 au 2 tu ya damu inayosukumwa na moyo. Tofauti inayomhusu mgonjwa ni ya shinikizo. Ateri ya mapafu hufanya kazi kwa shinikizo dogo, ilhali ateri za bronki hubeba shinikizo la aota, kubwa mara tano au sita zaidi, na ndiyo sababu damu nyingi inayokoholewa duniani, takriban mara tisa kwa kila kumi inapokuwa ya kutisha, hutoka kwenye hizi ndogo. Daktari anayetaka kuzuia damu hana budi kujua ni njia ipi kati ya hizi mbili imepasuka, maana kila moja huingiliwa kwa mlango wake.

Kasoro ya kuzaliwa inayojulikana zaidi katika njia ya kwanza ni ile ambapo tawi la ateri ya mapafu linaungana moja kwa moja na vena bila kupita kwenye kapilari, na pale zinapokutana hufanyika kifuko chenye ukuta mwembamba. Madhara yake ni matatu, na damu ni moja tu kati yake. Damu inayopita hapo hairudi na oksijeni, hivyo mgonjwa huchoka na kuhema upesi bila yeye wala jirani zake kujua sababu. Pili, kapilari za pafu zina kazi nyingine isiyotajwa sana, ile ya kunasa vipande vidogo vya damu iliyoganda na bakteria wanaozurura kwenye mishipa. Pale zinaporukwa, pafu hubaki kama wavu uliotoboka, na uchafu huo huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi kwa kijana, au jipu la ubongo. Tatu, kifuko chenyewe huweza kupasuka, damu ikamwagikia ndani ya njia za hewa na kukoholewa, au ikamwagikia nje ya pafu, ndani ya kifua, ambako haionekani kabisa mpaka mgonjwa azimie.

Watu wengi wenye kasoro hii, takriban wanane au tisa kati ya kila kumi, wanayo kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi ambao madaktari wa Goma, waliosomea fani yao kwa Kifaransa, huuita Rendu-Osler. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi sawa ya kuurithi au kutourithi. Dalili yake ya kwanza ni damu ya puani ya mara kwa mara tangu utotoni, jambo ambalo kandokando ya ziwa ni rahisi kulihusisha na jua kali, na baadaye hujitokeza vidoa vyekundu vidogo, mfano wa kichwa cha pini, kwenye midomo, ulimi na ncha za vidole, ambavyo hupotea vikibonyezwa na kurudi vikiachiwa. Kwenye ngozi nyeusi vidoa vya vidoleni huhitaji mwanga mzuri ili vionekane, lakini vya ulimi na ndani ya mdomo havijifichi. Vigezo vinavyotumika duniani kuutambua ugonjwa huu, vilivyochapishwa mwaka 2000, vimepewa jina la kisiwa cha Curaçao katika bahari ya Karibi, na ni vinne: damu ya puani isiyo na sababu, vidoa hivyo, kasoro ya mishipa ndani ya kiungo kama pafu au ini, na ndugu wa karibu mwenye ugonjwa. Mwenye vitatu anao, mwenye viwili hushukiwa. Inafaa kuongeza kwamba wakazi wengi wa Curaçao ni wa asili ya Kiafrika, na kisiwa hicho ni kati ya mahali ambapo ugonjwa huu umeonekana kwa wingi zaidi duniani. Dhana kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, ambayo husikika hata hospitalini, haina msingi.

Kasoro nyingine ya kuzaliwa ni kipande cha pafu kilichotengwa, ambacho daktari aitwaye Pryce alikieleza kwa kina mwaka 1946. Kipande hicho, ambacho kwa kawaida hukaa sehemu ya chini ya pafu, mara nyingi upande wa kushoto, hakijaunganika ipasavyo na njia za hewa na hakilishwi na ateri ya mapafu, bali na mshipa unaochipuka moja kwa moja kutoka aota. Mtoto mwenye kasoro hii hupata nimonia ya mahali palepale kila mwaka, na pengine damu. Picha ya eksirei inayoonyesha doa lilelile, pembe ileile, katika homa tatu tofauti, inapaswa kumtia shaka yeyote anayeitazama, mradi picha za zamani zimehifadhiwa na zinalinganishwa.

Utambuzi wa kasoro hizi hauhitaji mashine kubwa katika hatua zake za mwanzo, na hapa ndipo kituo cha afya cha kijijini kinaweza kufanya mengi kuliko kinavyodhaniwa. Kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni ya damu, ambacho kilisambaa katika vituo vingi wakati wa janga la korona, kinatosha kwa kipimo cha kwanza: mgonjwa hupimwa akiwa amelala chali, kisha akiwa amesimama kwa dakika kadhaa. Kwa mtu mwenye mapafu ya kawaida namba hizo mbili hukaribiana. Kwa mwenye mishipa iliyoungana vibaya ya pili mara nyingi hushuka, kwa kuwa kasoro hizo hukaa zaidi sehemu za chini za mapafu, na damu hutelemkia huko anaposimama. Ulinganisho huo ni wa maana kuliko namba moja pekee, hasa kwa mtu aliyetoka Vitshumbi, kwenye mwinuko wa mita 900 na ushei, akafika Goma iliyo kwenye mita 1,500 hivi, ambako hewa yenyewe ni nyepesi zaidi na oksijeni ya kila mtu hupungua kidogo.

Kipimo cha pili huhitaji mashine ya ultrasaundi inayoweza kuonyesha moyo, mabomba mawili ya sindano ya mililita 10, kiungio chenye njia tatu, na maji ya chumvi ya dripu. Mhudumu huvuta mililita 8 au 9 za maji pamoja na hewa isiyozidi mililita 1, kisha husukuma mchanganyiko huo kwa kasi kutoka bomba moja kwenda jingine na kurudi, mara nyingi, mpaka maji yanakuwa meupe kwa viputo vidogo sana, na hapohapo huyaingiza kwenye mshipa wa mkono. Kwenye kioo cha mashine viputo huonekana kama theluji inayojaza upande wa kulia wa moyo. Kama mapafu ni mazima, vyote huishia kwenye kapilari, na upande wa kushoto hubaki mweusi. Kama kuna tundu kati ya vyumba vya moyo, viputo huvuka papo hapo. Lakini vikichelewa, vikaanza kuonekana upande wa kushoto baada ya mapigo matatu au zaidi ya moyo, maana yake vimepita kwenye mapafu bila kuchujwa, na njia ya mkato ipo. Ni kipimo cha bei ndogo sana kwa kazi kinayoifanya, na cha kusikitisha ni kwamba hufanywa kwa nadra hata pale ambapo mashine na mtaalamu wa moyo wapo. Baada yake hufuata picha ya CT ya kifua, ambayo ndiyo inayoonyesha idadi ya kasoro, mahali zilipo, na upana wa mshipa unaoilisha kila moja.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa moja: kufungua kifua na kukata. Mgonjwa wa kwanza ambaye taarifa ya kupona kwake ilichapishwa, huko Kanada mwaka 1942, aliondolewa pafu zima. Njia ya kuingia bila kupasua ilijengwa polepole na watu waliokuwa na malengo mengine. Mwaka 1929 kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono mpaka ndani ya moyo wake mwenyewe, akaenda kupigwa eksirei kuthibitisha, na baada ya miaka ya kudharauliwa akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Mwaka 1953 Msweden Sven-Ivar Seldinger alionyesha namna ya kuingiza mrija mshipani kwa kufuata waya uliopitishwa ndani ya sindano, mbinu inayotumika hadi leo. Jacques Rémy na wenzake wa Lille, Ufaransa, walianza katika miaka ya mwanzo ya 1970 kuziba ateri za bronki kwa wagonjwa waliokuwa wakikohoa damu. Mwaka 1975 Cesare Gianturco na wenzake, nchini Marekani, walieleza koili, yaani kiwaya kilichosokotwa kama springi, na zile za kwanza zilifungwa nyuzi za sufu ili damu igande juu yake upesi. Mwaka 1977 Werner Porstmann wa Berlin akachapisha habari za mgonjwa ambaye kasoro zake za mishipa ya mapafu zilizibwa kwa koili. Tiba hiyo ya kuziba mshipa kutokea ndani huitwa embolizesheni, na fani inayoihusu, inayoongozwa na picha badala ya kisu, huitwa tiba radiolojia.

Tendo lenyewe, kwa kasoro ya ateri ya mapafu, hufanyika mgonjwa akiwa macho, isipokuwa mtoto, ambaye hulazwa usingizi. Ganzi huchomwa kwenye kinena, sindano huingia kwenye vena ya paja, na mrija wenye unene wa milimita 2 hivi, uitwao katheta, husukumwa juu kupitia tumboni, ukaingia chumba cha kulia cha moyo, ukapinda na kutokea kwenye ateri ya mapafu, huku daktari akiufuata kwa eksirei inayoonyesha picha zinazosogea. Dawa yenye ayodini hupulizwa ili mishipa ionekane, na mrija huongozwa mpaka kwenye tawi linalolisha kifuko, karibu kabisa na kifuko chenyewe, kwa sababu ukiziba mbali hukata pia matawi mazima yaliyo njiani. Hapo husukumwa koili ya platinamu, au kizibo kilichofumwa kwa waya wa nikeli na titani ambao hurudi kwenye umbo lake ukitoka mrijani. Kizibo huchaguliwa kikiwa kipana kuliko mshipa, maana kilicho chembamba kinaweza kuponyoka, kikapita kwenye kifuko na kwenda na damu hadi moyoni au kwenye ubongo. Adui mwingine ni hewa. Kiputo ambacho kwa mtu mwingine kingeishia pafuni bila madhara, hapa kina njia wazi ya kufika kwenye ubongo, na kwa hiyo timu zenye uzoefu hubadilisha waya na mirija huku mdomo wa mrija umezamishwa ndani ya bakuli la maji ya chumvi. Mwishoni kinena hukandamizwa kwa dakika kadhaa, hakuna mshono, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Baadhi hupata maumivu ya kifua wanapovuta pumzi kwa siku chache.

Kwa kipande cha pafu kilichotengwa, na kwa damu inayotoka kwenye ateri za bronki, mlango ni ateri ya paja na njia ni ya aota. Katika ateri za bronki hutumika zaidi chembechembe ndogo, za sehemu ya milimita, zinazozama ndani ya mtandao wa vishipa, kwa sababu koili iliyowekwa mwanzoni mwa mshipa ingefunga mlango ambao huenda ukahitajika tena. Hatari kubwa hapa ni moja: ateri inayolisha uti wa mgongo wakati mwingine huchipuka kutoka shina hilohilo, na chembe zikiingia humo mgonjwa huweza kupooza miguu. Picha hutazamwa kwa makini kabla ya kupuliza chochote, na tawi hilo likionekana, daktari husogeza mrija mbele yake au huacha kabisa. Damu husimama kwa wagonjwa wengi, lakini kwa sehemu yao hurudi baada ya miezi au miaka, jambo ambalo mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema. Kwa kipande kilichotengwa bado madaktari wengi hupendelea kukiondoa, siku hizi mara nyingi kwa kamera na vyombo vinavyopitishwa kwenye matundu madogo kati ya mbavu, kwa kuwa kuziba mshipa huzuia damu lakini hakuondoi nyama inayoambukizwa kila mara; kuzuia damu kwanza na kuondoa baadaye ni njia inayokubalika pia.

Yote hayo huhitaji muda, na mtu anayekohoa damu nyingi hana muda. Kinachoua kwa kawaida ni kukosa hewa, kwa kuwa njia kubwa za hewa za mtu mzima hujaa kwa mililita 150 hivi, kiasi kisichofika hata kikombe cha chai kilichojaa. Mgonjwa hulazwa ubavu wa upande unaovuja, kama unajulikana, ili pafu zima libaki juu na lisijae. Kumlaza kwa ubavu ulio salama, ambako huonekana kumpunguzia maumivu, kunaweza kumzamisha. Hupewa oksijeni, na dawa ya asidi traneksamiki, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2017 kwa kila mwanamke anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, huweza kusaidia na huenda tayari imo katika kabati la wodi ya wazazi.

Kuhusu mahali pa kuzibia mshipa, hadithi ya ukanda huu bado ni changa. Tanzania haikuwa na mtaalamu hata mmoja aliyesomea tiba radiolojia mpaka Oktoba 2018, ambapo timu za kujitolea za madaktari, wauguzi na mafundi wa picha kutoka Amerika Kaskazini, chini ya mpango uitwao Road2IR uliotokana na Chuo Kikuu cha Yale, zilianza kufika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kufundisha. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianzisha shahada ya uzamili ya miaka miwili katika fani hiyo, na wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 2021. Kazi zao za mwanzo zilikuwa za kawaida kabisa: kuchukua vipande vya uvimbe kwa uchunguzi, kutoa usaha, kufungulia mkojo figo iliyoziba, zote kwa kuongozwa na ultrasaundi; kuziba mishipa, kwa mfano ya uvimbe wa kizazi, kulifuata. Mpangilio huo una busara ambayo wapangaji wa huduma za afya Kivu wangefaa kuitazama. Hakuna serikali itakayonunua mashine ya picha za mishipa kwa ajili ya ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya elfu kadhaa, lakini mikono inayojifunza kumwokoa mama anayetoka damu baada ya uzazi, au mgonjwa mwenye makovu ya kifua kikuu, ni mikono ileile itakayoziba kasoro ya kuzaliwa siku itakapoletwa.

Kwa mkazi wa Vitshumbi safari huanza kwa pikipiki mpaka Rwindi na kushika barabara ya taifa namba 2 kuelekea Rutshuru na Goma, barabara ambayo vita vimeifunga na kuifungua mara nyingi. Kijiji chenyewe kilitwaliwa na waasi wa M23 Machi 2024, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa Januari 2025. Ng'ambo ya ziwa iko Uganda, na njia ya kwenda Kampala. Katika hali hiyo barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri, yenye majibu ya makohozi, namba za oksijeni ya kulala na ya kusimama, na jina la upande unaovuja, humwokolea mgonjwa wiki nzima za kupimwa upya.

Mshipa ukishazibwa, picha ya CT hurudiwa kati ya miezi sita na mwaka mmoja, kisha kila baada ya miaka michache, kwa kuwa baadhi ya mishipa hufunguka tena na vifuko vidogo vilivyoachwa huweza kukua. Wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa mwenye Rendu-Osler hupimwa nao hata kama hawalalamiki, na wanawake hupimwa kabla ya kushika mimba, maana ujauzito huongeza damu mwilini na kutanua kasoro hizo, na mjamzito wa ukoo huo anayekohoa damu, hata kidogo, hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Upungufu wa madini ya chuma unaoletwa na damu ya puani hutibiwa kwa uzito wake, kwa kuwa utafiti wa London umeuhusisha na kiharusi kwa wagonjwa hawa. Na kwa maisha yao yote, kila wanapong'olewa jino, humeza kiuavijasumu kabla ya koleo kuingia kinywani, ili bakteria wa fizi wasipate njia ya kufika kwenye ubongo.